Mkono Usio na Bima: Tunavyomsoma Vibaya Matthew Sweet

Katikati ya Oktoba 2024, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 60, mwanamuziki wa Marekani Matthew Sweet alipatwa na kiharusi akiwa Toronto, Kanada. Alikuwa ziarani, akifungua shoo za bendi ya Hanson. Watu wanaosimamia kazi zake wakaanzisha mchango mtandaoni na kueleza mambo bila kuficha: hana bima ya afya, mapato ya ziara yamekatika, na anatakiwa kurudishwa kwao Omaha, Nebraska, akiwa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, kisha aanze matibabu marefu ya kurudisha viungo katika hali yake. Mashabiki walijitokeza haraka na kwa wingi. Tangu wakati huo nimeisikia habari hii ikisimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema: mtu aliyekuwa akipigwa redioni na kwenye televisheni miaka ya 90 ameishia kuchangiwa, bila shaka alizichezea pesa zake. Na wapo wanaosema kinyume: oneni mashabiki walivyosimama naye, hii ndiyo nguvu ya msanii huru, hana haja ya lebo wala mtu wa kati.

Masimulizi yote mawili yanapotosha, na yanapotosha kwa namna moja. Yote yanatazama tabia za watu, ya kwanza tabia ya msanii, ya pili tabia ya mashabiki, na kuacha kutazama kazi yenyewe imejengwaje. Ukimpima Sweet kwa haki, ni mmoja wa waliofanikiwa zaidi katika aina yake ya muziki, pawa popu. Amerekodi kwa takriban miaka 40, ametoa karibu albamu 15 za nyimbo zake mwenyewe, na mpaka siku ile anaugua alikuwa bado ana watu wanaokata tiketi kumsikiliza. Kama mtu wa kiwango hicho anaweza kuanguka bila kitu chini yake, basi tatizo haliko kwake. Uhuru wa msanii, kama unavyouzwa leo, unamkabidhi vitu viwili kwa mkono mmoja: haki ya kuamua nyimbo zake ziweje, na hatari yote ya maisha yake. Cha kwanza tunakishangilia. Cha pili hatukioni mpaka mwili ugome.

Pawa popu, kwa asiyeijua, ni muziki wa gitaa la umeme lenye nguvu uliobeba melodi tamu. Nyimbo zake ni za dakika tatu au nne, kiitikio kinakaa kichwani siku nzima, sauti za kuitikia zimepangwa kwa uangalifu, na mara nyingi maneno yana huzuni kuliko mlio wake. Jina hilo hutajwa pamoja na Pete Townshend wa The Who, aliyelitumia mwaka 1967 kueleza muziki wa bendi yake. Lakini waliouachia muziki huu kovu lake ni Big Star wa Memphis. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1972, ilisifiwa sana na wachambuzi, ila usambazaji wake kupitia kampuni ya rekodi ya Stax ulikuwa umevurugika, hivyo watu walisoma sifa, wakaenda dukani, wakaikosa. Toka hapo muziki huu umekuwa na wasikilizaji wachache wanaoupenda kupita kiasi. Jambo hilo lina hesabu yake. Watu wachache wenye mapenzi makubwa wanaweza kujaza kumbi ndogo mji baada ya mji, lakini hawawezi kumfanya mtu tajiri kwa kusikiliza tu. Ili mapenzi yao yageuke kuwa fedha, lazima msanii awafuate waliko.

Sweet alizaliwa Lincoln, Nebraska, Oktoba 1964. Mwaka 1983 alihamia Athens, Georgia, kwa jina la masomo ya chuo kikuu, ila kilichomvuta hasa ni muziki uliokuwa ukichemka mjini humo karibu na bendi ya R.E.M. Alipiga gitaa katika bendi ya Oh-OK, ya Lynda Stipe, dada yake Michael Stipe, mwimbaji wa R.E.M. Kampuni kubwa zikamwona. Columbia ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1986, A&M ikatoa ya pili mwaka 1989, na zote mbili hazikuuza. Kisha, New York, huku ndoa yake ikivunjika, akarekodi ya tatu. A&M ikamwacha. Albamu ambayo leo watu wanaihesabu miongoni mwa bora za muongo wake ilizungushwa kwa kampuni moja baada ya nyingine, ikakataliwa, mpaka Zoo Entertainment ilipoichukua na kuitoa Oktoba 1991 kwa jina la Girlfriend. Hata jina hilo lilikuja kwa kulazimika. Sweet alitaka kuiita Nothing Lasts, lakini mwigizaji Tuesday Weld, ambaye picha yake ya ujana iko kwenye jalada, hakupenda sura yake iambatane na maneno hayo.

Inafaa kuisikiliza kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalohusu pesa. Wimbo uliobeba jina la albamu unaanza na yowe la gitaa, lile yowe linalotoka mpigaji anapolisogeza gitaa karibu na spika. Kisha gitaa la rizim linaingia, zito na kavu. Karibu kila kitu kwenye albamu hiyo kimeachwa kikavu, bila mwangwi, katika miaka ambayo redio ilikuwa imejaa dramu zenye mlio wa ukumbi mkubwa mtupu. Sweet anaimba juu yake mwenyewe, sauti juu ya sauti, laini kabisa. Halafu linakuja gitaa la solo kukwaruza ulaini wote huo. Solo hizo alizigawa kwa watu wawili wa New York, Robert Quine, aliyewahi kupiga na Richard Hell na Lou Reed, na Richard Lloyd wa bendi ya Television. Ukiondoa mikwaruzo ya Quine, nyimbo hizi zinabaki nzuri, lakini zinapoteza meno. Albamu ile ni kazi ya chumba chenye watu: mtunzi, prodyuza Fred Maher, wapiga dramu, wapiga solo wawili wasiofanana hata kidogo. Na watu chumbani hulipwa.

Mambo yakamnyookea kwa muda. Video ya wimbo huo, iliyochanganywa na vipande vya katuni ya Kijapani, ikapigwa sana MTV. Mwaka 1995 albamu ya 100% Fun, ambayo jina lake limetoka katika barua aliyoiacha Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alipojiua, ikaleta wimbo uliofika nafasi ya 2 katika chati ya roki ya kisasa ya Billboard. Baadaye Zoo ikamezwa ndani ya lebo ya Volcano, redio zikabadilika, na kufikia mwisho wa muongo Sweet alikuwa nje ya mkondo mkuu. Mwaka 2003 alitoa Japani albamu aliyoirekodi nyumbani kama shukrani kwa mashabiki wa huko. Kuanzia mwaka 2006 akatoa na Susanna Hoffs wa The Bangles albamu za nyimbo za watu wengine. Baada ya kuhamia Omaha kutoka Los Angeles, akawaomba mashabiki wachangie albamu mpya kupitia Kickstarter, ikatoka mwaka 2017 ikiwa na nyimbo 17. Na Januari 2021 ikatoka Catspaw, iliyorekodiwa nyumbani kwake, ambamo alipiga kila kitu isipokuwa dramu, alizozipiga rafiki yake wa miaka mingi Ric Menck. Hata gitaa la solo, ambalo kwa miaka 30 alikuwa akiwaachia wengine, safari hii alilishika mwenyewe.

Catspaw ilipotoka ilipongezwa kama kilele cha uhuru: mtu mmoja, studio yake, hakuna wa kumwambia afanye nini. Naipenda albamu hiyo, na solo zake zina ukorofi wa mtu aliyengoja muda mrefu kupata zamu. Ila tazama mwelekeo wa miaka hiyo 30. Mwaka 1991 chumba kilijaa watu. Mwaka 2021 amebaki mtu na rafiki yake. Kila hatua ya uhuru imepunguza watu chumbani, na kila aliyetoka ameacha kazi yake mikononi mwa aliyebaki. Mtunzi amekuwa mpiga solo, fundi mitambo, mwenye studio, msemaji wake mwenyewe kwa mashabiki. Hilo linaweza kuzaa muziki mzuri, na limezaa. Lakini katika hesabu za maisha maana yake ni kwamba mzigo uliokuwa mabegani mwa watu kumi sasa uko juu ya mwili mmoja, na mwili huo umevuka miaka 50.

Hapa ndipo inabidi tuingie kwenye jinsi wimbo unavyolipa, maana lawama nyingi zinatokana na kutojua. Watu husikia kwamba fulani alipigwa redioni nchi nzima, wakadhani kila mpigo ulimwingizia kitu kwa kila alichofanya. Marekani, redio za kawaida za AM na FM hulipa watunzi wa nyimbo. Haziwalipi waimbaji wala wapigaji waliorekodi. Sweet ni mtunzi, kwa hiyo fungu hilo alikuwa nalo. Quine, aliyezipa zile nyimbo meno, hakuwa na fungu kwa redio hizo. Upande wa mauzo, fedha ambazo lebo humpa msanii mwanzoni ni deni linalorudishwa kutoka kwenye mrabaha wake, pamoja na gharama za kurekodi na sehemu ya gharama za video, kabla hajaona senti. Na zama za kusikiliza mtandaoni zimeongeza jambo ambalo kwa muziki wa aina hii ni baya mno. Kwa kawaida makusanyo yote hutiwa kapu moja na kugawanywa kulingana na idadi ya mara zilizosikilizwa nyimbo zote. Mtu aliyelipia mwezi mzima akamsikiliza Sweet peke yake, sehemu kubwa ya pesa yake inakwenda kwa wanaosikilizwa na umma mkubwa. Mapenzi makali ya wachache hayana uzito kwenye kapu hilo.

Kwa hiyo ikabaki ziara. Ziara ndiyo mahali pekee ambapo mtu anayeupenda wimbo kwa miaka 30 anatoa pesa mfukoni na ikamfikia aliyeutunga ndani ya usiku huohuo, kwa tiketi, kwa fulana, kwa santuri yenye sahihi. Na hata hapo kumbi nyingi zimezoea kukata asilimia ya fulana. Ziara inataka mgongo unaovumilia saa nane garini, koo, masikio, na vidole vinavyobonyeza nyuzi saa nne usiku mjini usikoujua. Ukiwaambia wanamuziki kwamba rekodi ni tangazo la ziara, kama inavyosemwa kila siku kwa sauti ya ushauri wa busara, umewaambia kwamba kipato chao chote kiko kwenye afya yao. Halafu afya hiyo hakuna aliyeikatia bima.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya wanaotetea lebo, na sitaki kuipita haraka. Wanasema kwamba msanii aliyekuwa kwenye orodha ya kampuni kubwa Marekani aliweza kuingia kwenye bima ya afya kupitia chama cha wafanyakazi wa sanaa, na kwamba aliyeamua kujitegemea aliacha ngao hiyo kwa hiari. Ni kweli kwamba njia hiyo ilikuwepo, na ni kweli kwamba uhuru haukuleta mbadala wake. Ila ngao hiyo ilikuwa ya mtu aliye ndani, katika miaka yake ya kuuza. Lebo ikikutoa, nayo inakutoka, na lebo huwatoa watu wanapokaribia umri wa kuihitaji. Alex Chilton aliimba wimbo uliokuwa namba moja Marekani mwaka 1967 akiwa na miaka 16, akiwa na The Box Tops. Baadaye akawa sauti na gitaa la Big Star, bendi ambayo karibu kila mtu wa pawa popu, Sweet akiwemo, anakunywa kwenye kisima chake. Wimbo wake mmoja ukaja kuwa msingi wa muziki wa kufungulia tamthilia maarufu ya televisheni, naye akasema mwaka 2000 kwamba analipwa dola 70 kila inaporushwa. Machi 2010, akiwa na miaka 59, alifariki kwa moyo huko New Orleans. Mkewe alieleza kwamba siku zilizotangulia alikuwa akibanwa pumzi, na hakwenda kwa daktari kwa sababu, pamoja na mengine, hakuwa na bima.

Kuna tukio la zamani zaidi ambalo kwangu linaumiza kuliko yote, kwa sababu Sweet mwenyewe yumo. Mwaka 1992 mwimbaji na mtunzi Victoria Williams, akiwa ziarani akimfungulia Neil Young, aligundulika kuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoitwa multipo sklerosisi. Hakuwa na bima. Wanamuziki wenzake wakakusanyika, wakarekodi nyimbo zake, na albamu ikatoka mwaka 1993 kwa jina la Sweet Relief. Pearl Jam walikuwemo, Lou Reed alikuwemo, Lucinda Williams alikuwemo, na Matthew Sweet aliimba wimbo mmoja. Kutokana na albamu hiyo ukaanzishwa mfuko wa kusaidia wanamuziki wagonjwa ambao upo mpaka leo. Mfuko huo umefanya kazi ya heshima. Lakini weka tukio hilo na la Toronto pamoja: kijana wa miaka 28 aliye kileleni mwa mafanikio anaingia studio kumchangia mwenzake aliyeugua ziarani bila bima, na miaka 31 baadaye anaugua ziarani bila bima. Kati ya matukio hayo mawili tasnia nzima ilihama kutoka kaseti kwenda simu ya mkononi. Namna ya kumtibu mpiga gitaa haikuhama hata hatua moja.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba angejipanga vizuri, angekata bima. Anayesema hivyo anafikiria bima kama kitu cha dukani. Marekani, serikali humpokea mzee kwenye Medicare, bima ya umma ya wazee, akifika miaka 65. Sweet alikuwa na 60. Kwa asiye na mwajiri, kuna soko la bima lililoanza chini ya sheria ya mwaka 2010, na ndani ya soko hilo kampuni zinaruhusiwa kumtoza mtu mzima wa umri huo mpaka mara tatu ya kijana. Ruzuku hutegemea makisio ya kipato cha mwaka mzima, ambayo mtu wa mshahara huyajua na mwanamuziki huyabahatisha, na akikosea anaweza kudaiwa arudishe. Zaidi ya hayo, bima nyingi za soko hilo hazimfuati mtu nje ya nchi. Mtu huyu alianguka Kanada, mahali ambapo raia wanatibiwa kwa bima ya umma, naye hakuwa raia wa huko. Hata angekuwa na kadi ya Nebraska mfukoni, bili ya Toronto na safari ya kurudi vingeweza kubaki juu yake. Je, kulikuwa na njia ya kujikinga zaidi? Huenda. Lakini hoja inayodai kila mwanamuziki awe pia mtaalamu wa bima za nchi mbili haiwezi kuitwa hoja ya nidhamu.

Simulizi la mashabiki waokozi ni gumu kulipinga kwa sababu ndani yake kuna wema wa kweli, na mimi sina neno baya kwa hata mmoja wa waliotoa. Sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili tunaujua mchango vizuri kuliko hata Wamarekani. Mwaka jana nilikuwa katika kundi la WhatsApp la kumchangia mpiga solo wa bendi moja ya maharusi mtaani kwetu, aliyevunjika mkono. Kila jioni mweka hazina alibandika orodha upya: jina, ahadi, alichotoa, alama ya tiki. Siku ya tatu orodha ikasimama kwenye namba 41, na majina yaliyokuwa na tiki yalikuwa yaleyale yaliyokuwa na tiki kwenye msiba wa mwezi uliotangulia. Mpiga besi wa bendi hiyohiyo aliugua kabla yake, hakufunguliwa kundi, kwa kuwa husimama nyuma na watu hawalijui jina lake. Mchango hufuata jina. Unamfikia aliyejulikana, kwa kiwango alichojulikana, na mara moja tu. Ugonjwa wa pili hauna kundi.

Katika pawa popu, wa nyuma ni wengi kuliko wa mbele. Tommy Keene alitoa mwaka 1984 EP, yaani rekodi fupi ya nyimbo chache, iliyopendwa sana na wachambuzi, akachukuliwa na Geffen, akatoa nao albamu mwaka 1986, kisha akarudi kwenye lebo ndogo na kubaki huko maisha yake yote. Katikati ya albamu zake alipiga gitaa kwenye ziara za wengine, Paul Westerberg na Robert Pollard miongoni mwao. Mwaka 2017 alikuwa akifungua shoo za Matthew Sweet, na Novemba ya mwaka huohuo akafariki usingizini Los Angeles, naye akiwa na miaka 59. Namtaja kwa sababu maisha yake ndiyo maisha ya kawaida ya kazi hii: kwenda na kurudi kati ya jina lako na jina la mwenzako, miezi mbele ya jukwaa, miezi pembeni. Ukijenga mfumo wa kujikinga unaotegemea mashabiki, lazima useme wazi utamfanyia nini mpiga gitaa katika miezi ile anayosimama pembeni.

Kwa upande wa pili lazima nikiri kwamba zipo kazi huru zenye nguzo. Marshall Crenshaw wa Detroit, ambaye wimbo wake uliingia 40 bora za Marekani mwaka 1982, alishiriki mwaka 1995 kutunga wimbo wa Gin Blossoms uliopigwa kote, na mwaka 2007 alishiriki kutunga wimbo wa filamu ulioteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe. Alipotaka kujitegemea kabisa aliwauzia mashabiki EP za santuri kwa kujiandikisha, moja baada ya nyingine. Mtunzi ambaye wimbo wake unaimbwa na mtu mwingine anapata kipato ambacho hakimtaki apande garini, na hiyo kwa mwanamuziki ni kama pensheni. Ila nguzo ya Crenshaw imesimama palepale ninapopaonyesha: ni fedha inayoingia hata mwenyewe akiwa amelala. Tofauti yake na Sweet haiko kwenye nidhamu wala kwenye lebo. Iko kwenye bahati ya bendi ya watu wengine kupata wimbo mkubwa.

Tukikubali hivyo, mazungumzo kuhusu msanii huru yanapaswa kubadilika, na yabadilike kwa vitu vinavyoshikika. Mkataba wa ziara, hata ya kufungua shoo, unaweza kubeba bima ya matibabu na ya safari kwa kila aliye garini, fundi wa sauti akiwemo, na gharama yake ikawa sehemu ya bei ya tiketi kama zilivyo taa na ulinzi. Anayelipa kuingia kumwona mtu akipiga gitaa hatashtuka kulipa kidogo zaidi ili mtu huyo atibiwe. Majukwaa ya kusikiliza muziki yanaweza kupeleka pesa ya msikilizaji kwa wale aliowasikiliza yeye. Wapo wanaodai kwamba mgawanyo huo hauwezi kuwaongezea wengi kitu kikubwa, na huenda ni kweli kwa wengi, lakini muziki wenye wasikilizaji wachache na waaminifu ndio ungefaidika wa kwanza. Redio za Marekani zinaweza kuanza kuwalipa waliorekodi, kama nchi nyingi zinavyofanya, ili solo ya mtu ilipe hata kama siye aliyetunga wimbo.

Na kuna mlango mmoja unaofunguka mwaka huu wa 2026 ambao sijaona ukizungumzwa inavyostahili. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inampa mtunzi nafasi ya kurudisha haki alizoziuza, kwa kawaida miaka 35 baada ya kuziuza au baada ya kazi kutolewa, kutegemea mkataba. Nyimbo nyingi zilizotoka mwaka 1991 zinafika hapo sasa. Kwa utunzi sheria iko wazi kiasi. Kwa rekodi zenyewe kampuni zimekuwa zikipinga. Dirisha hukaa wazi miaka mitano, na notisi lazima itolewe angalau miaka miwili kabla ya tarehe ya kuzirudisha, kwa maandishi sahihi, wimbo kwa wimbo, na aghalabu kwa wakili. Kwa kizazi chote kilichopigwa redioni miaka ile, hiki ndicho kitu kilicho karibu zaidi na kiinua mgongo. Mashabiki wanaotafuta namna ya kumsaidia mpiga gitaa wa miaka 60 kabla hajaanguka wanaweza kuanza kwa kuchangia ada ya wakili huyo.